Tuulize Kabla ya Kuketi: Kuipeleka Familia Hoteli ya Steki



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, leo tunazungumzia jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni kuipeleka familia kula kwenye hoteli ya kifahari usiku wa furaha. Binti amemaliza chuo, kijana amepata kazi, wazee wametimiza miaka 20 ya ndoa, na neno la kwanza linalosemwa nyumbani siku hizi ni "twendeni tukale steki". Hapa kwetu Kampala hoteli za namna hiyo zipo Kololo, Nakasero na kwingineko. Taa ni hafifu, vitambaa vya meza ni vyeupe, nyama nene inachomwa mbele ya macho yako, na karibu na mlango kuna kaunta iliyopangwa chupa mpaka juu. Mara nyingi orodha ya kokteli ni ndefu kuliko orodha ya nyama.

Madrasa tunaulizwa sana: "Mwalimu, inafaa kwenda?" Wako wanaojibu "haifai" wakamaliza, na wako wanaokwenda bila kumuuliza mtu yeyote. Sisi tunaona njia zote mbili zina hasara, na tutaeleza kwa nini.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Binti yetu wa kwanza alipohitimu chuo kikuu alituomba kitu kimoja tu, tule pamoja mahali pazuri, yeye, wazazi wake na wadogo zake wawili. Tuliweka akiba miezi miwili. Hatukupiga simu wala hatukuuliza chochote. Tulifikiri, maadamu hatutaagiza pombe wala nguruwe, mambo yamekwisha.

Tulipofika, mhudumu alitupokea kwa adabu, akatuketisha hatua chache kutoka kwenye kaunta ya baa. Tuliona, tukanyamaza. Tukaagiza steki kwa sosi ya pilipili manga. Baada ya muda mpishi akaja na kikaango, akamimina kitu kutoka kwenye kichupa, na moto ukaruka juu. Kitinda mimba wetu akapiga makofi. Mama watoto ndiye aliyeuliza kwa sauti ya chini: "Samahani kaka, hicho ulichomimina ni nini?" Akajibu bila kuficha kwamba ni brandi, na kwamba imeandikwa kwenye menyu. Tukatazama, kweli imeandikwa. Yeye hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa letu.

Tulirudisha sahani, tukala viazi na saladi, tukalipa bili nzima, tukaondoka. Ndani ya gari hakuna aliyesema kitu mpaka karibu na nyumbani, ndipo binti akauliza: "Baba, kwani sisi Waislamu hatuna mahali pa kufurahi?" Tumefundisha dini zaidi ya miaka 15, lakini usiku ule hatukuwa na jibu la haraka.

KUFURAHI SI HARAMU

Jibu tulilompa baadaye ni hili: mahali papo, ila panatafutwa. Katika Suratul A'raf, aya ya 31 na 32, Allah anatuamrisha kula na kunywa bila ya kufanya israfu, kisha anauliza ni nani aliyeharamisha pambo na riziki njema alizowatolea waja wake. Na Mtume (S.A.W.) alimfundisha Saad bin Abi Waqqas (R.A.) kwamba mtu hupata ujira kwa anachotoa akitaka radhi za Allah, hata tonge anayomtilia mkewe mdomoni. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim.

Kwa hiyo baba anayesema kila mara "sisi hatuna mambo hayo" ajiangalie. Mtoto aliyezoea kusikia hivyo atakwenda mwenyewe na marafiki zake atakapopata mshahara wa kwanza, na hapo hatakuwapo mtu wa kuuliza kichupa kina nini.

Israfu nayo tusiisahau. Ikiwa ada ya shule inadaiwa na wewe unakwenda kula steki, hiyo si furaha ya familia, ni kujionesha tu.

HUKUMU YA MEZA

Kuhusu kunywa hatuna mjadala. Aya ya 90 ya Suratul Maida inatosha. Lakini Mtume (S.A.W.) alikwenda mbali zaidi ya kunywa. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, alimkataza mwenye kumwamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza ambayo pombe inazungushwa. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunasema: "Mimi nakunywa maji tu, mwenzangu ndiye anayekunywa mvinyo." Hadithi inazungumzia meza unayoketi, hata kama hukuigusa glasi.

Je, kama pombe iko meza ya jirani? Wanazuoni wametofautiana. Wako wanaoliona jengo zima kuwa ni kikao kimoja na kulizuia, na wako wanaoruhusu penye haja, kama safarini, mradi meza yako iwe safi na hukai karibu na wanywaji. Sisi tunaona kwamba usiku wa sherehe hauna dharura. Hakuna anayelazimika kula steki Kololo. Kwa hiyo kwanza itafutwe hoteli isiyouza kilevi kabisa. Ikikosekana, basi iwe mchana badala ya usiku, kwa sababu mchana baa huwa tupu, na iombwe meza ya bustanini au chumba cha peke yenu.

Wanafunzi wanapenda kuuliza kuhusu zile kokteli zisizo na kilevi. Ndimu, nanaa, sukari na soda isiyo na ladha si haramu kwa sababu tu imetiwa kwenye glasi ndefu. Lakini ulizeni vitu viwili. Kwanza, baadhi ya wachanganyaji hutia matone ya dawa chungu iitwayo Angostura, ambayo ina kilevi cha asilimia 44.7, na hawaihesabu kuwa ni pombe kwa kuwa ni matone tu. Pili, bia nyingi zinazoitwa "zisizo na kilevi" huruhusiwa kisheria katika nchi nyingi kuwa na kilevi kisichozidi asilimia 0.5. Juisi ya tangawizi au ya nanasi haina maswali haya.

NDANI YA SAHANI

Sasa tuje kwenye nyama yenyewe. Hapa Uganda wachinjaji wengi kwa desturi ni Waislamu, na hiyo ni neema. Lakini baadhi ya hoteli za bei ya juu huagiza nyama kutoka nje, na ndizo husifu kwenye menyu kwamba imetoka nchi fulani na imehifadhiwa siku 21 au 28 ili ilainike. Kuilainisha hivyo hakuna ubaya. La kuuliza ni nani aliyechinja. Aya ya 5 ya Suratul Maida imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na wanazuoni wamezungumza sana kuhusu machinjio ya viwanda vya leo. Mwenye kutaka usalama wa dini yake achague nyama yenye cheti cha halali.

Kisha sosi. Sosi ya pilipili manga mara nyingi hutiwa brandi, sosi nyeusi ya steki hupikwa kwa mvinyo mwekundu, na ile ya siagi na mayai iitwayo béarnaise huanza kwa siki pamoja na mvinyo mweupe. Utaambiwa: "Usijali, kilevi chote kinaungua." Si kweli. Majedwali ya Idara ya Kilimo ya Marekani yanaonesha kwamba chakula kilichowashwa moto namna ile tuliyoiona hubaki na kiasi cha asilimia 75 ya kilevi chake. Kilichochemshwa dakika 15 hubaki na asilimia 40, na hata baada ya saa mbili na nusu bado hubaki asilimia 5. Ule moto uliomfurahisha kitinda mimba wetu ulikuwa wa macho tu. Na hata kama chote kingeungua, Muislamu haruhusiwi kuinunua pombe ili aipikie.

Liko pia suala la bekoni. Sarara, ile nyama laini ya mgongoni, haina mafuta mengi, kwa hiyo wapishi wengine huizungushia bekoni isikauke. Na wavu unaochoma nguruwe huenda ndio huo huo unaochoma ng'ombe wako. Omba kikaango kilichooshwa.

La mwisho ni wekundu. Kijana mmoja alitwambia hawezi kula steki isiyoiva sana kwa kuwa inatoa damu, na damu ni haramu. Tukampongeza kwa kuogopa, kisha tukamweleza. Iliyoharamishwa katika Suratul An'am, aya ya 145, ni damu yenye kumwagika, nayo hutoka wakati wa kuchinja. Yale maji mekundu kwenye sahani ni maji ya nyama yaliyochanganyika na protini iitwayo mayoglobini, inayokaa ndani ya misuli. Wanazuoni wamesamehe kinachobaki ndani ya nyama baada ya kuchinja. Asiyependa wekundu aagize iliyoiva, lakini asiharamishe.

TATIZO NI AIBU

Ndugu zanguni, mengi katika haya tunayajua. Kinachotushinda ni kuuliza. Mhudumu amevaa tai, menyu ina majina ya kigeni, meza ya jirani wanatutazama, nasi tunaona haya kuuliza "hii imechinjwa na nani?" Tunaogopa kuonekana washamba. Tunasema bismillahi kimoyomoyo na kujipa moyo kwa hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) kuhusu nyama iliyoletwa na watu isijulikane kama ilitajiwa jina la Allah, ambapo Mtume (S.A.W.) aliwaambia waitaje bismillahi wale. Hadithi ni sahihi, ameipokea Bukhari, lakini nyama ile ililetwa na watu waliokuwa wageni katika Uislamu. Si ruhusa ya kufumba macho mbele ya chupa ya brandi.

Tukumbuke tunaishi nchi gani. Mwaka 1876, Kabaka Muteesa I aliwaua makumi ya Waislamu, na wengi wao waliuawa Namugongo. Miongoni mwa mambo waliyoshutumiwa ni kukataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa ikulu wasiokuwa Waislamu. Vijana wale walisema "hatuli" mbele ya mfalme mwenye uwezo wa kuwaua, na akawaua. Sisi tunaona haya mbele ya mhudumu ambaye kazi yake ni kutuuliza tunataka nini!

Basi ushauri wetu kwa kila familia ni huu:

1. Piga simu siku mbili kabla. Uliza nyama inatoka wapi na nani amechinja, sosi zina nini, na kama kuna kikaango cha peke yake. Kwenye simu hakuna anayekutazama.

2. Taja meza unayoitaka, na sema mapema kwamba orodha ya pombe isiletwe.

3. Panga saa ya kula isigongane na Magharibi wala Isha. Sherehe inayokula sala imekwisha baraka yake.

4. Ukipata jibu la kusitasita, acha. Nunua sarara nzuri kwa mchinjaji unayemjua, ikatwe nene kiasi cha vidole viwili, itie chumvi dakika 40 kabla, ichome kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, kisha iache itulie dakika tano kabla ya kuikata. Tandika kitambaa kizuri, na baba ndiye awe mhudumu.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya mama watoto, kumbukumbu ya ndoa. Aliyepiga simu ni yule yule binti. Alipiga hoteli tatu. Ya kwanza walimcheka, ya pili hawakujua nyama yao imetoka wapi. Ya tatu, hoteli ndogo isiyouza kilevi, mpishi mwenyewe alishika simu, akamwambia sosi yake ni siagi, krimu na pilipili manga tu, na mchinjaji wake anamjua kwa jina. Tulikula tukashiba, tukarudi nyumbani kusali Isha jamaa. Njiani watoto walikuwa wakibishana nani kala nyama nyingi zaidi.

Tunamuomba Allah atupe riziki ya halali, atutilie baraka katika furaha zetu, na atuondolee haya pale ambapo haya si katika imani. Amin.

Wabillahi tawfiq.