Bunduki ya upepo isijaribiwe uani
Bunduki ya upepo haina baruti. Hewa iliyoshindiliwa ndiyo inayosukuma kidonge cha risasi chenye kipenyo cha milimita 4.5. Kwenye Olimpiki, ambako mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki hii uliingia mwaka 1984, mlengaji husimama mita 10 kutoka shabaha, na kitone cha katikati chenye alama 10 kina upana wa nusu milimita tu. Ni mchezo wa pumzi na subira, nami naupenda. Lakini mwenye bunduki mpya anayetaka kuijaribu uani kwake Palma au Mocímboa da Praia awafikirie majirani kwanza. Tangu Oktoba 2017 watu wa pwani hii ya kaskazini mwa Msumbiji wanakimbia risasi; Machi 2021 Palma yenyewe ilivamiwa, na wengi wakaokolewa kwa njia ya bahari. Mama aliyewahi kulala porini na wanawe hatasubiri kujua kama mlio ule ni wa upepo au wa baruti. Atabeba mtoto na kukimbia. Askari wa doria akiona mtu kaweka bunduki begani, naye hatasubiri. Ndugu yangu, iache sandukuni mpaka upatikane uwanja wenye ukuta, kibali na msimamizi.