Ini la Mgonjwa wa Kifua Kikuu Si la Kujaribia

Mwandishi aliyewashauri wagonjwa wa kifua kikuu wa Tabora wanywe mitishamba ya Kichina ili kulinda ini ameanza na jambo la kweli: isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zinaweza kulidhuru. Anakoishia ndiko kwenye hatari. Utafiti wa hospitali 308 za China bara, uliochapishwa mwaka 2019, uliwachunguza wagonjwa 25,927 walioumizwa ini na dawa. Mitishamba na virutubisho vilihusika kwa takriban asilimia 27, dawa za kifua kikuu asilimia 22. Huko huko mitishamba hiyo inakotoka! He shou wu, mzizi unaosifiwa kwa kurudisha weusi wa nywele, umeshawatia watu manjano.

Anasema pia kwamba misafara ya biashara ilileta dawa Unyanyembe, eneo la Tabora, tangu zamani. Ilileta, na ndui ikaja nayo.

Mgonjwa akiona macho ya njano, mkojo mweusi au kichefuchefu kisichoisha, aende Hospitali ya Kitete siku hiyo hiyo, apimwe ini, amtajie daktari kila alichokunywa. Daktari naye asimkaripie. Ndiye atakayeamua vidonge vipi visimamishwe, na kipi kirudishwe kwanza.