Utafiti wa uzamivu urudi kijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu ndugu zetu wanaosomea shahada ya udaktari, ambayo siku hizi inaitwa uzamivu, katika fani ya anthropolojia kwenye vyuo vikuu vya umma. Fani hiyo huchunguza jinsi watu wanavyoishi: ndoa zao, mirathi, matambiko, utani na namna wanavyoamuana.

Miaka michache iliyopita alifika kijijini kwetu mtafiti mmoja wa fani hiyo, akakaa miezi kadhaa. Wazee walimpokea vizuri. Walimweleza utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, uliotokana na misafara ya wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka huku bara hadi pwani. Mzee aliyemsaidia zaidi ya wote amekwisha kufariki. Wanafunzi wangu waliponiuliza kwa nini babu zao walitaniana na watu wa pwani, sikuwa na maandishi yoyote ya kuwaonyesha. Bila shaka maneno ya mzee yule yameandikwa mahali, lakini sisi hatujaona hata ukurasa mmoja.

Wako wanaosema kuwa anthropolojia ni elimu ya wakoloni na heri tuachane nayo. Hawakukosea kabisa. Serikali ya Kiingereza ilimwajiri Hans Cory kuchunguza mila na sheria za makabila, Wasukuma wakiwamo, ili kurahisisha utawala wake. Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini Jomo Kenyatta naye aliisomea fani hiyo London, na mwaka 1938 akatoa kitabu juu ya Wakikuyu kilichotetea ardhi na heshima ya watu wake. Hata Mwalimu Nyerere, aliyesoma na baadaye kufundisha hapa Tabora, alijifunza anthropolojia miongoni mwa masomo yake ya Edinburgh kati ya 1949 na 1952. Basi elimu hii ni jembe tu. La kuuliza ni mavuno yanaingia ghala la nani.

Msomi wa Cambridge, R. G. Abrahams, aliandika vitabu kuhusu Wanyamwezi mwaka 1967 na 1981. Mwaka 1987 aliandika juu ya Sungusungu, ulinzi ulioanzishwa na wanavijiji wenyewe wa Unyamwezi na Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi hizo ni njema, ila zote ni za Kiingereza. Mgeni hatumlaumu kwa kuandika kwa lugha yake. Tunaowauliza ni wasomi wetu, ambao vyuo vyao vinaendeshwa kwa jasho la wakulima wa tumbaku, mahindi na asali kama hawa wa Igalula.

Sababu ya jambo hili iko wazi. Mwanafunzi wa uzamivu hupimwa na wasimamizi na watahini. Akishatetea tasnifu yake na kuikabidhi chuoni, kazi imekwisha. Mwanakijiji hana nafasi katika mtihani huo, ingawa yeye ndiye aliyetoa elimu yenyewe.

Tena, mtafiti anapokuja, barua za kumtambulisha hushuka kutoka mkoa hadi wilaya, kata, na mwisho ofisi ya kijiji. Ngazi hizo zote zinafanya kazi wakati wa kuchukua. Kwa nini zisifanye kazi wakati wa kurudisha?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kutunukiwa shahada, kila mtafiti aandike muhtasari wa Kiswahili, hata kurasa 20, na nakala ziletwe katika ofisi ya kijiji na shule ya msingi. Pili, muhtasari huo usomwe katika mkutano wa kijiji kabla tasnifu haijakamilishwa, ili wazee wasahihishe yaliyokosewa na waseme yapi ni siri yasiyofaa kuandikwa. Tatu, vyuo viruhusu tasnifu za anthropolojia ziandikwe kwa Kiswahili. Tasnifu za uzamivu za somo la Kiswahili zinaandikwa kwa Kiswahili na shahada zake haziitwi pungufu.

Najua nitajibiwa kwamba watahini wa nje hawajui Kiswahili. Hilo ni kweli kwa baadhi yao. Lakini kama mtafiti anaweza kumfasiria mtahini wa ng'ambo maneno ya mzee wa Igalula, hawezi kushindwa kumfasiria mzee yale aliyomwambia mtahini.

Sisi walimu ndio tunaoumia. Mtaala mpya wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mtoto hawezi kufundishwa maadili ya kwao kwa maneno ya jumla tu, na wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Yale waliyokwisha kuyasema yasipotufikia, hatutakuwa na wa kumwuliza tena.

Naomba wakuu wa vyuo na wote wanaohusika na vibali vya utafiti walifikirie jambo hili. Wazee wetu hawakudai malipo. Walisema kwa moyo mweupe, wakidhani yatawafaa wajukuu. Shukrani yao isiwe ya punda.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Igalula, Tabora.