Bukavu: Kubomoa nyumba si mpango wa mji

Kila mwaka Bukavu inalia mara mbili. Wakati wa kiangazi moto unakula nyumba za mbao, zaidi katika komini ya Kadutu, na familia zinabaki na nguo zile tu walizovaa. Mvua ikirudi mwezi wa Septemba, udongo unateremka na nyumba pamoja na wale waliolala ndani. Mwisho wa Desemba 2023 mvua iliua tena watu katika mji huu. Kila mara viongozi wanafika, wanatoa pole, na wanatangaza neno lile lile: waliojenga pahali pabaya watoke, nyumba zao zitabomolewa.

Neno hilo limetangazwa na wakubwa wa kila namna. Magavana wamepita, mameya wamepita, na mwaka 2025 vita ilibadilisha hata wenye kuongoza mji. Mvua haikuuliza nani anakaa ofisini. Makorongo yanazidi kupanuka, na nyumba zinazidi kupanda mlimani. Ni wakati wa kusema wazi kwamba kubomoa si mpango wa mji. Ukimtoa mtu kwenye mteremko wa Funu bila kumwonyesha pa kwenda, atajenga kwenye mteremko mwingine, ao kando ya mto Kawa, na mbao zile zile ulizong'oa.

Tuanze na swali ambalo matangazo hayaulizi: kwa nini watu wanajenga pale? Si kwa sababu hawajui hatari. Mama anayeuza sambaza na ndagala anaamka saa kumi ya usiku. Akikaa Kadutu anafika sokoni kwa miguu. Akihamia mbali, pesa ya kwenda na kurudi itakula faida yote ya siku. Kijana anayebeba mizigo Nyawera ao Essence anapiga hesabu ile ile. Na kupanga nyumba nzuri si rahisi. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu, lakini wenye nyumba wengi wanaomba zaidi, na mpangaji hana pa kulalamika. Basi anatafuta kipande cha udongo, hata kama kinaninginia juu ya korongo.

Kuna jambo lingine ambalo wakubwa hawapendi kusikia. Wengi wa hao tunaoita wajenzi wa vurugu wana karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Kwa hiyo mtu hawezi kupata kiwanja kwenye mteremko ao katikati ya mfereji bila mkono wa mtu fulani wa Serikali: shefu wa kartie aliyefunga macho, mpimaji aliyepanda mawe, ofisi iliyopokea pesa na kupiga muhuri. Siku ya kubomoa, raia anapoteza kila kitu. Aliyetia sahihi anabaki kwenye kiti chake. Na kando ya Ziwa Kivu, majumba ya ghorofa yanasimama karibu kabisa na maji, na tingatinga haijulikani sana huko. Mradi haki haionekani, raia ataona mpango wowote wa mji kuwa ni jina lingine la kumnyang'anya.

Je, mji huu haujawahi kupangwa? Ulipangwa, na ushahidi uko Bagira. Miaka ya 1950, wakati jina la Costermansville lilikuwa linaondoka na jina la Bukavu linarudi, shirika la kikoloni lililoitwa Office des Cités Africaines, lililoundwa mwaka 1952, lilijenga pale makao ya wafanyakazi. Walichora barabara kwanza, wakaacha nafasi ya shule, soko na kanisa, kisha nyumba zikafuata kwa mistari. Hata leo ukifika kwenye sehemu ya zamani ya Bagira, unaona mistari ile.

Sitaki mtu adhani ninalilia ukoloni. Bagira ilijengwa pembeni kwa makusudi: mwafrika alale mbali, na Ibanda pamoja na rasi zake zibaki za wazungu. Ubaguzi ule ndio uliotuachia mji ambao kazi iko upande mmoja na vitanda vya wafanyakazi upande mwingine. Lakini tunaweza kukataa ubaguzi na kushika funzo: barabara na mfereji vinatangulia, nyumba inafuata. Sisi tumefanya kinyume. Tunauza viwanja, watu wanajenga, halafu tunatafuta pa kupitisha barabara.

Matokeo yake tunayaona moto unapowaka. Gari la kuzima moto, hata likiwepo, haliwezi kuingia kwenye vichochoro vya Nyamugo ao Cimpunda, ambako watu wawili wanapishana kwa shida. Watu wanapigana na moto kwa mabeseni na kwa kubomoa nyumba za majirani ili usiendelee. Mgonjwa anabebwa mgongoni mpaka barabara kubwa, na mama mwenye uchungu wa kuzaa pia. Kwa hiyo kazi ya kwanza isiwe kubomoa kartie nzima. Iwe kufungua njia: kila mita mia kadhaa, kichochoro kimoja kipanuliwe, kiwekwe mawe, kiwe na mfereji pembeni. Nyumba zitakazoguswa ni chache, wenyewe wanajulikana, na wanaweza kulipwa mbele ya majirani wao.

Mfereji si jambo la usafi tu. Maji ya mvua yakikosa njia, yanaingia udongoni na kuusukuma mlima chini. Yakipata njia iliyojaa takataka, yanabeba chupa na plastiki mpaka Ziwa Kivu, na ziwa linazipeleka kwenye mto Ruzizi. Pale kwenye bwawa la Ruzizi ya kwanza, plastiki hizo zimeshaziba mitambo na kukatisha umeme mara kadhaa. Umeme ukikatika, watu wanawasha mishumaa na kuungaunga nyaya katika nyumba za mbao, na moto unapata nafasi. Tatizo la mfereji wa Kadutu na tatizo la giza la Ibanda ni tatizo moja.

Kazi ya pili ni viwanja vipya. Viwe na maji, njia na kituo cha basi mbele ya mtu wa kwanza kuhamishwa, siyo nyuma. Panzi inatuonyesha kinachotokea tukikosa kufanya hivyo. Vita za vijijini zilileta watu wengi upande ule, kartie ikajaa, na barabara ya Essence ikabaki ile ile, ikibeba wagonjwa wa hospitali, magari ya kwenda Uvira na watoto wa shule. Kiwanja cha bei nafuu kisicho na barabara ya kwenda kazini, mtu atakiuza na kurudi mlimani.

Kazi ya tatu inahusu mkate wa kila siku. Kila uongozi mpya unaanza kwa kufukuza wauza wa barabarani, zaidi pale Essence na Feu Rouge. Wanakimbia asubuhi, wanarudi jioni. Si ukaidi: masoko hayawatoshi, na wateja wanapita barabarani. Mpango mzuri ungechora nafasi yao kando ya barabara na kuweka saa za kuuza. Na kazi za kupanga mawe na kuchimba mifereji zipewe vijana wa kartie husika. Milima yetu imejaa mawe na wakina mama wanayaponda kila siku. Pesa ibaki kwao, isiende yote kwa kampuni ya mbali.

Najua jibu litakalotolewa: hakuna pesa, kuna vita. Ni kweli hali ni ngumu, na benki kufungwa kumeumiza kila nyumba. Lakini kukataza ofisi kuuza mteremko hakuhitaji mfadhili. Kupanda mawe ya mipaka ya njia kabla kartie mpya haijajaa hakuhitaji mkopo. Na wenye nyumba pamoja na wapangaji wanalipa kodi ya mapato ya nyumba. Raia ana haki ya kuona kwenye ubao wa komini ni kiasi gani kiliingia na ni mfereji gani kilijenga. Tukumbuke pia kwamba nchi yetu haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984. Tunaupanga mji wa zaidi ya watu milioni moja kwa kukisia, wakati mashefu wa avenue na wa nyumba kumi wangeweza kuwahesabu wakaaji wao kwa majuma machache.

Na sisi raia tusijitoe. Tunatupa takataka kwenye mfereji, tunasogeza ukuta mita moja kila mwaka mpaka njia inakufa, kisha tunalaumu Serikali moto unapokuja. Salongo ya Jumamosi ingeanza kwa kurudisha mita zile.

Mvua za Septemba zitarudi. Kabla hazijarudi, wenye kuongoza Bukavu watuonyeshe karatasi moja tu: ramani ya njia na mifereji ya Kadutu, pamoja na orodha ya viwanja vilivyo tayari kupokea watu. Tukikosa kuona ramani hiyo, tangazo la kubomoa lisisomwe tena redioni.