Klachi na Mchanga wa Chwaka

Barabara itokayo Mjini Unguja na kupita Dunga hadi Chwaka haina mlima wa kuitaabisha gari; walakini klachi huungua huko, na aghalabu huungua mwisho wa safari, karibu na diko, gari ishukapo lami kufuata samaki na magurudumu yakazama mchangani. Dereva, kwa haraka ya kuuwahi mnada, hukanyaga mafuta kwa nguvu na kuishika klachi nusu. Injini ikanguruma, gari isitoke, na punde harufu kali ikawafikia abiria hata wa kiti cha nyuma.

Lawama hupewa mchanga. Mimi nailaumu elimu pungufu, kwa kuwa mwanafunzi wa udereva hufundishwa wakati wa kukanyaga pedali ile ya kushoto, asielezwe kinachotendeka chini yake. Injini haiwezi kuzunguka polepole mno bila kuzimika, ilhali gari iliyosimama haina budi kuanza na mwendo mdogo kabisa. Basi baina ya hayo mawili imewekwa sahani, iliyovishwa utando wa msuguano pande zote mbili na kuvaa shafti iingiayo katika giaboksi. Springi huibana sahani hiyo juu ya gurudumu zito la injini, hata vikazunguka pamoja. Mguu ukanyagapo, sahani huwa huru na gia hubadilishwa bila meno kusagana. Mguu uachiapo, sahani huserereka kitambo kidogo, kisha ikashika.

Kitambo hicho ndicho kinachoila sahani. Klachi iliyokanyagwa hadi chini haili sahani, wala iliyoachiwa kabisa. Ile ya nusu ndiyo igeuzayo nguvu ya injini kuwa joto, mpaka utando ukaungua. Kwa hiyo mchangani yafaa abiria washuke, mchanga uchimbuliwe mbele ya magurudumu, makuti yatandikwe, kisha klachi iachiwe mapema na yote.

Kubadilisha sahani ni kushusha giaboksi nzima, na siku hiyo mwenye gari hapati kitu, wala mchuuzi hana cha kumfikishia samaki wake sokoni. Ni insafu, basi, mtahini amuulize mwanafunzi habari hizi kabla ya leseni, na kila shule ya udereva iweke mezani klachi kuukuu iliyofunguliwa, ishikwe kwa mikono. Hazikosekani katika gereji zetu, na mafundi hawataona taabu kuzitoa.