Bukavu: Barabara kwanza, parsele baadaye

Mkaaji wa Panzi anayekwenda mjini asubuhi anapitia Essence. Hapo magari, pikipiki na watembea kwa miguu wanagombania barabara moja. Ambulansi inayopeleka mama mjamzito kwenye hospitali ya Panzi nayo inangoja humo humo.

Hata hivyo, mashamba yanazidi kukatwa parsele, na nyumba zinapanda mlimani bila kuachiwa njia. Kila parsele mpya inaongeza msongamano kwenye barabara ileile.

Watu wanahitaji makao, hilo hatukatai: vita vimewaleta wengi mjini. Lakini wakuu wa ardhi wasitoe hati kabla ya njia kupimwa na kuwekewa mipaka. Kubomolea watu nyumba kesho kutaumiza zaidi kuliko kupima njia leo.