Makala Sita au Wagonjwa Sita?

Mwezi uliopita alinijia kijana niliyemfundisha miaka mingi iliyopita, ambaye sasa ni daktari na mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja humu nchini. Alikuwa ameomba kupandishwa cheo, akanyimwa. Sababu aliyopewa ni moja tu: makala zake ni chache, na mbili kati ya hizo zimechapishwa katika majarida ambayo wajumbe wa kamati hawakuyafahamu. "Mwalimu," akaniuliza, "kwani msomi hupimwa kwa mizani ya gunia?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimsimulia habari za Zhang Tingdong wa Harbin, mji ulioko kaskazini mashariki mwa Uchina.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mfamasia wa hospitali moja ya mji huo, Han Taiyun, alipata habari za dawa ya kienyeji iliyokuwa ikitumiwa na waganga wa vijijini kutibu uvimbe na saratani. Ndani yake mlikuwa na aseniki, zebaki na sumu ya chura. Naam, aseniki ile ile tunayoijua kuwa ni sumu ya kuua! Han aliigeuza dawa hiyo kuwa ya sindano, naye Zhang na wenzake wakaijaribu kwa wagonjwa. Baadaye ilibainika kwamba kilichokuwa kikifanya kazi hasa ni aseniki.

Mwaka 1973 Zhang na wenzake walichapisha makala fupi kuhusu wagonjwa sita wa saratani ya damu. Sita tu! Waliiandika kwa Kichina, katika jarida la kitabibu la mkoa wao wa Heilongjiang. Mnamo 1979 wakaandika tena, safari hii juu ya wagonjwa 55 wa saratani ya damu ya ghafla, na polepole ikadhihirika kwamba aina moja ya maradhi hayo ndiyo iliyosalimu amri zaidi mbele ya dawa hiyo. Ni aina ambayo kipande cha kromosomu ya 15 na kipande cha kromosomu ya 17 hubadilishana mahali, ikazaliwa protini potovu inayozizuia chembe changa za damu zisikomae. Aseniki huivunja protini hiyo. Jambo hili, bila shaka, Zhang hangeweza kulijua mwaka 1973. Yeye aliona wagonjwa wakipata nafuu, akaandika alichokiona.

Ulimwengu wa nje haukusoma. Ilibidi wataalamu wa Shanghai washirikiane na wale wa Harbin na kuchapisha katika jarida la Marekani liitwalo Blood, mwaka 1996 na 1997, ndipo watu wakashtuka. Miongoni mwa wagonjwa 10 ambao maradhi yao yalikuwa yamerejea na wakapewa aseniki peke yake, 9 walipata nafuu kamili. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha dawa hiyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Hesabu mwenyewe, ewe msomaji: kutoka 1973 hadi 1996 ni miaka 23. Ni wangapi waliozikwa katika muda huo ilhali dawa yao imeandikwa, imepigwa chapa, na imewekwa rafuni?

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la Zhang kwa kutoandika Kiingereza. Hoja hiyo sikubaliani nayo. Aliwaandikia madaktari waliokuwa karibu na wagonjwa wake, kwa lugha waliyoielewa, na hao ndio waliomsoma. Uvivu ulikuwa wa wasiotaka kutafsiri. Nakiri hata hivyo kwamba makala ya wagonjwa sita haithibitishi mengi. Mathalani, aseniki ilipojaribiwa peke yake kwa saratani ya ini iliyokwisha kuenea, utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba haikufua dafu. Makala hiyo nayo ni ya thamani, maana imewaepusha wagonjwa wengine na sumu isiyowafaa. Lakini ni kamati gani itakayompandisha mtu cheo kwa kuandika kwamba dawa imeshindwa?

Tangu mwaka 2014 vyuo vyetu vimekuwa na mwongozo wa kitaifa unaotoa alama kwa machapisho. Sipingi kuhesabu. Ninachopinga ni kuhesabu bila kusoma. Mjumbe wa kamati aliyefungua makala za kijana wangu angekuta maelezo ya watoto wenye saratani ya damu waliofikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa, na njia waliyopitia kabla ya kufika: zahanati ipi, wiki ngapi, walitibiwa malaria mara ngapi.

Ameniachia rasimu ya tatu. Ameiandika kwa Kiswahili, akitaka wauguzi wa zahanati waisome, na sasa anasita iwapo aitume. Nimemwambia aitume. Nimeshaisahihisha hadi ukurasa wa tisa, na Jumamosi atakuja kuichukua.